Kitufe cha Tatu

Mgeni aliingia Ukumbi wa Meza saa tano asubuhi bila kupiga hodi, na kitu cha kwanza ambacho Sikudhani, binti fundi wa ukumbi, alikitazama ni viatu vyake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Njia zote za mji zilikuwa tope tupu, na kila aliyeingia ukumbini asubuhi ile alikuwa ameacha nyayo mlangoni. Viatu vya mgeni vilikuwa vikavu, vinang'aa, na nyuma yake sakafu ilikuwa safi.

"Mwenyeji yupo?" mgeni aliuliza.

"Mwenyeji wa nini?"

"Wa hapa."

"Hapa wenyeji ni wengi. Unamtaka nani?"

"Nawataka wote," mgeni alijibu kwa upole, akavuta kiti akakaa kabla hajakaribishwa. "Lakini sina haraka. Tutakwenda mmoja mmoja."

Uso wake haukuwa wa kijana wala wa mzee. Aliyemtazama alihisi kwamba aliwahi kumkubalia jambo fulani, mahali fulani, ila hakumbuki ni jambo gani. Sikudhani hakupenda hisia hiyo. Aliendelea kukaza skurubu ya kompyuta iliyokuwa mbele yake, jicho moja kwenye skurubu, la pili kwa mgeni.

Mji ule haukuwa na jina. Ulikuwa nalo zamani, likapotea siku moja kompyuta zilipojisasisha, na kwa kuwa barua ziliendelea kufika, hakuna aliyejisumbua kulitafuta. Kila nyumba ilikuwa na meza, kila meza ilikuwa na kompyuta, na kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kama vile vinavyotandikwa juu ya makochi. Watu waliamini kwamba kompyuta ikifunikwa haioni. Sikudhani alikuwa amefunua nyingi mno kuweza kuamini hivyo. Chini ya kila kitambaa alikuta kitaa kidogo kinawaka, kimetulia, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

Alikuwa amerudi kutoka chuoni miaka miwili nyuma akiwa na cheti, begi moja, na imani kwamba watu wakielezwa vizuri wataelewa. Alipewa kazi ya kutengeneza kompyuta mbovu pale ukumbini, na muda uliobaki alikuwa akiandika maoni yake. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu kinachokaa mezani. Aliamini kitufe ni ahadi: kinamwambia mtu, ukinibonyeza hapa nitafanya hivi, leo, kesho, na siku utakayokuwa umechoka kiasi cha kutoweza kufikiri. Kwa hiyo anayekihamisha kitufe wakati mwenye meza hayupo amevunja ahadi ya mtu mwingine, hata kama amekihamishia mahali pazuri zaidi. Aliamini mkono una kumbukumbu zake, na kumbukumbu za mkono ni mali ya mwenye mkono. Picha isiyo na neno chini yake ni kitendawili, na mtu aliyekaa kuandika barua ya msiba hakukaa kutegua vitendawili. Maandishi ya kijivu juu ya kijivu yameandikwa na mtu anayetaka kusema baadaye kwamba aliandika. Mashine inayomwambia mtu asubiri kidogo bila kumwambia kidogo ni kiasi gani ina jeuri ya tajiri aliyekuweka barazani kwake. Na mashine inayomtaka mtu athibitishe kuwa yeye ni mtu, kwa kumwonyesha picha za taa za barabarani ambazo mji wake haujapata kuwa nazo, hiyo inamfundisha kidogo kidogo kutilia shaka utu wake.

"Binti," Bwana Mwinyimvua, msimamizi wa ukumbi, alizoea kumwambia, "wewe hata ukikuta jembe lina mpini mrefu utaliandikia malalamiko."

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomnyima raha kuliko vyote. Ni lile dirisha dogo. Lilifunguka katikati ya kazi, na kengele yake, likasema: *Mfumo mpya uko tayari.* Chini yake vitufe viwili. *Sasa. Baadaye.* Basi. Nani alikaa chini, akamaliza chai yake, akaamua kwamba binadamu hahitaji neno la tatu? Alilitoa kwa bahati mbaya, au alilitoa kwanza kisha akajenga mashine kulizunguka pengo lake? Na mtu anayeulizwa kila siku swali ambalo jibu lake moja limefichwa, baada ya miaka mingapi anasahau kwamba jibu hilo lilikuwepo?

Mji haukuona tatizo, na sababu yake ilikuwa malezi. Pale, mgeni hakuambiwa hapana. Ukikaribishwa chakula umeshiba, unasema utakuja baadaye. Ukiposwa na usiyemtaka, wazee wako wanasema watazungumza. Anayeambiwa anaelewa, anaaga, anaondoka na heshima yake, na hakuna aliyeumia. Ndivyo walivyolijibu dirisha dogo pia, kwa adabu ile ile, miaka nenda miaka rudi. Walibonyeza *Baadaye* wakaamini wamekataa. Hawakukumbuka kwamba mashine haikulelewa pale.

Bwana Mwinyimvua alitoka chumba cha nyuma akifuta mikono. "Karibu, mgeni wetu, karibu sana. Umepata chai?"

"Nitakunywa baadaye," mgeni alisema, akatabasamu kama aliyeonja kitu kitamu.

"Na ni nani aliyekuita, bwana?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku mliyomzika shemeji yako. Ulikuwa umeshavaa kanzu, kiatu kimoja mkononi. Nikakuuliza, sasa au baadaye? Ukasema baadaye. Siku binti yako anafanya mtihani nikakuuliza tena, ukasema baadaye. Juzi ulikuwa unakula nanasi, kidole kimelowa, ukasema baadaye. Sikukulazimisha hata mara moja. Nimesubiri." Mgeni alikunja mikono mapajani. "Basi baadaye ndiyo hii."

Bwana Mwinyimvua alicheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Bwana wee, ile ilikuwa namna ya kusema."

"Kusema nini?"

Bwana Mwinyimvua alifungua mdomo. Sikudhani alimwona akilitafuta lile neno, akalipata, akaliinua mpaka kooni. Lakini mgeni alikuwa amekaa. Alikuwa kwenye kiti cha mwenyeji wake, chini ya paa lake, na hajanywa chai. Neno likarudi lilikotoka. Bwana Mwinyimvua akasema, "Ngoja nikuletee sukari."

"Saa sita," mgeni alisema, sasa akimgeukia Sikudhani, "meza zote za mji zitakuwa mpya. Kila kitu kitapangwa upya kwa faida yenu. Hata majina tutayapunguza, yanachosha. Kila mtu ataitwa Mtumiaji."

"Faida yetu ipi?"

"Mtazoea."

"Sijauliza kama tutazoea."

Mgeni alimtazama sawasawa kwa mara ya kwanza, na uso wake ukapungukiwa na kitu. "Wewe sikukumbuki," alisema. "Sijawahi kukuuliza."

Kweli hakuwahi. Kompyuta ya Sikudhani ilikuwa kwenye kona, mashine aliyoiunga mwenyewe kutoka kwenye vifaa vya kompyuta zilizokufa, na mfumo wake aliuandika kwa mkono wake. Kila dirisha la mashine ile lilikuwa na vitufe vitatu. Cha tatu aliandika *Hapana*, kwa herufi kubwa nyeusi, mahali ambapo kidole kinafika bila kunyooshwa.

Angeweza kubaki pale ukumbini akaitazama saa sita ikiwapita wengine. Lakini alimkumbuka Bi Kidawa, na kukumbuka huko kulimtoa mlangoni mbio, bisibisi ingali mkononi.

Bi Kidawa alikuwa mkunga wa mji kwa miaka arobaini. Macho yake sasa yaliona mwanga na kivuli tu. Mwaka uliopita aliamua kuandika majina ya watoto wote waliopita mikononi mwake, pamoja na majina ya mama zao, hata wale mama waliojifungua kwa siri wakaondoka kabla ya kupambazuka. Hakutaka kumtajia mtu ayaandike kwa niaba yake. Wakunga wa mji ule walikula kiapo, jina la mama aliyejificha halipiti mdomoni. Vidole havikutajwa kwenye kiapo. Basi Sikudhani alimfundisha kuandika kwa vidole: vile vinundu viwili kwenye vitufe vya F na J, kona ya juu kushoto, mara tatu chini, hapo ndipo yalipo majina. Bi Kidawa alikusudia, akimaliza, kumwita kila mtoto, sasa mtu mzima, aje asome mstari wake peke yake.

Siku ile ya kwanza Sikudhani alimwambia, "Nakuahidi, Bibi. Mpaka jina la mwisho, hakuna kitakachosogezwa mezani pako, wala hakuna jicho litakalopita humo."

"Langu lenyewe halipiti," Bi Kidawa alicheka. "Wewe angalia hayo mengine."

Njiani Sikudhani alichungulia madirisha ya nyumba. Kwenye kompyuta ya kwanza, kupitia matundu ya kitambaa, kulikuwa na mstari wa buluu na maneno, *dakika 40 zimebaki*. Ya pili ilisema dakika tisa. Ya tatu ilisema saa tatu, kisha ikabadili nia ikasema dakika moja, ikakaa hapo. Alijaribu kukumbuka ni muda gani tangu atoke ukumbini akashindwa. Tope alilokanyaga wakati wa kuondoka lilikuwa limeshakauka na kupasuka, na jua halikuwa limesogea. Hatujui. Hatujui ni saa ngapi, tunajua tu mashine inasema ni saa ngapi. Nani aliyetutoa kwenye kivuli cha jua akatuweka kwenye mstari wa buluu?

"Nani anayenikimbilia na matope?" sauti ya Bi Kidawa ilitoka ndani alipofika mlangoni pake.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi."

"Marahaba. Hata mbuzi akisukuma mlango, angekuwa na kinywa angesema ni mimi. Ah, Sikudhani. Kaa. Wamebaki arobaini na mmoja, na leo majina yanakuja yenyewe."

Sikudhani hakukaa. "Bibi, likilia lile dirisha dogo, huwa unabonyeza nini?"

"Pale ulipopasema. Kona ya kulia."

"Nilipopasema?"

"Si wewe? Ulisema, likikusumbua bonyeza kulia, litaondoka. Nami naliambia baadaye, linakwenda. Nifanyeje, nilifukuze kama jini?"

Sikudhani alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameandika kurasa mia tatu juu ya vitufe vya watu wengine, na alimfundisha Bi Kidawa *Baadaye* kwa mdomo wake mwenyewe, siku ambayo alikuwa na haraka ya kurudi kula.

Alichomoa waya ukutani. Kitaa kiliendelea kuwaka. Mstari wa buluu ulisogea kidogo.

"Umefanya nini?" Bi Kidawa aliuliza. "Chumba kimekaa vibaya."

"Bibi, naomba niyahamishe majina. Nitafunika kioo, sitayaona."

"Unaapa?"

"Nimeshaapa."

Alitandaza kitambaa juu ya kioo, akafanya kazi kwa kupapasa kama Bi Kidawa mwenyewe: kona ya juu kushoto, mara tatu chini. Majina ya watoto mia sita na zaidi yaliingia kwenye flashi ndogo kuliko kidole gumba. Aliiweka kifuani na kutoka, mbio kurudi kwenye mashine yake, ile pekee isiyowahi kuulizwa.

Ukumbini mgeni alikuwa amehamia kwenye kona, kando ya mashine yake. Hakuwa ameigusa. Alikuwa akiitazama kama mtu anavyotazama nyumba iliyogoma kuuzwa.

"Nzuri," alisema. "Ina kelele, lakini nzuri. Una *hapana* moja tu, lakini."

"Najua."

"Haigawanyiki. Ukimpa mtu, hubaki nayo."

"Najua pia. Niliijenga mimi."

Hilo ndilo lililomuuma. Aliijenga kwa shaka. Aliiwekea mlango wa kuingiza vitu, ule wa kutolea akauziba kwa gundi, ili asije mtu akamwibia alichoandika. Akaamuru kwamba mashine itamtii mwenye meza mmoja tu, na mwenye meza akibadilika, vya yule wa kwanza vifutike vyote. Alijisifu kwa werevu huo. Kurasa zake mia tatu zilikuwa humo na hazikuwa na pa kutokea.

"Ziliandikwa vizuri?" mgeni aliuliza, ingawa Sikudhani hakuwa amesema kitu.

"Sijui. Zilisema ukweli."

"Kaa nayo, basi. Sitakuuliza kamwe. Utaishi hapa ukiwa na jina lako na meza yako, na kila mtu atakuja kwako kusikia ilivyokuwa zamani. Huoni kwamba hilo lina faida kwa mji? Shahidi mmoja." Sauti yake ilikuwa ya kirafiki kabisa. "Bi Kidawa ni mtu mzima. Mikono ya watu wazima husahau yenyewe."

Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alilelewa hivyo. Alitafuta uongo katika maneno yale hakuupata, na hapo ndipo shaka yake ilipokomaa. Mtu huyu alikuwa hasemi uongo kwa kuwa hakuwahi kuuhitaji. Alikuwa akiuliza tu, kwa zamu, kila mtu katika saa yake ya uchovu, jambo linalokaribia kuwa jema. Na je, mimi? Nani ameniambia kwamba kumpa Bi Kidawa mashine hii si kiburi tu, cha kutaka kuonekana mwema mbele ya asiyeona?

Alifungua kanga kiunoni, akaifunga mashine, akaibeba mgongoni kama anavyobebwa mtoto mwenye homa.

"Binti, mvua hiyo inarudi," Bwana Mwinyimvua alisema, akiwa na bakuli la sukari mkononi. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, bila kumtazama mgeni, "Pita uani. Njia ya mbele inateleza." Ulikuwa msaada wake wote, na ulimgharimu.

Kwa Bi Kidawa aliipanga meza upya akiwa amepiga magoti. Kibodi ilisogea mpaka pale viganja vya bibi vilipokwangua rangi ya mbao. Jalada la majina likatoka kwenye flashi, likaandikwa la Bi Kidawa: kona ya juu kushoto, mara tatu chini. Akaandika jina jipya la mwenye meza. Mashine ikamuuliza kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe, kwa herufi nyeusi zinazosomeka: *Vyote vya mwenye meza wa kwanza vitafutwa. Uendelee?* Vitufe vitatu.

Zamani alidhani kwamba uhuru ni kuwepo kwa kile cha tatu. Sasa vyote vitatu vilikuwa mbele yake, wazi, bila hila, na aligundua kwamba anakitamani *Baadaye* kama watu wote wa mji walivyokitamani. Aliwaelewa. Walikuwa wamechoka tu.

Alibonyeza *Sasa*.

Hakukuwa na mlio. Feni ya mashine iliongeza kasi, ikapumzika, na mstari mwembamba ukasema *tayari*, bila kudanganya juu ya muda.

"Njoo, Bibi."

Bi Kidawa alikaa. Vidole vyake vilishuka, vikapata vile vinundu viwili, vikasita. Aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Hii si mashine yangu. Yangu haipumui hivi."

"Si yako, Bibi. Ilikuwa yangu."

"Na wewe utaandikia nini?"

Sikudhani aliuongoza mkono wake hadi kwenye kioo. Bi Kidawa akapapasa kioo kwa nyuma ya mkono, pole pole, kana kwamba anapima homa.

"Kona ya juu kushoto?"

"Mara tatu chini."

Bi Kidawa alijaribu. Mashine ilimsomea kwa sauti ndogo jina la jalada, lile lile. Alishusha pumzi ndefu. "Ulisema hakuna kitakachosogea," alisema. "Nami sikukuamini hata kidogo. Nilisema, huyu ni mtoto, ana maneno ya shule. Geuka huko basi, nakumbuka jina."

Huko nje saa sita ilikuwa imefika, au ilitangazwa kuwa imefika. Kengele za madirisha madogo zililia kutoka nyumba hadi nyumba, zikanyamaza pamoja. Kisha viatu vikavu vilipanda ngazi.

"Mtumiaji," mgeni aliita kwa upole nje ya mlango.

Sikudhani aligundua kwamba ameshageuka kuitikia. Alijaribu kulikumbuka jina lake alilokuja nalo asubuhi, akalikuta liko mbali, kama neno la lugha aliyoisoma darasa la pili. Alihisi woga. Halafu alisikia nyuma yake kitufe kimoja kikishuka, na kingine, na kingine, bila kutafuta, kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani.

Alikwenda mlangoni, akaufungua nusu, akasimama katikati, mgongo kwa ndani.

"Anaandika," alimwambia mgeni. "Huwezi kuona kutoka hapa, na sitasogea."

"Mpaka lini?"

"Wamebaki arobaini na mmoja."

Mgeni alinyoosha shingo kulia, naye akaegemea kulia. Akanyoosha kushoto, naye akaegemea kushoto. Mvua ilianza tena, ikimlowesha uso na kifua. Nyuma yake Bi Kidawa alinong'ona kwa furaha, si kwa mtu yeyote, "Huyu alitanguliza miguu," akaandika.

"Arobaini," akasema yule aliyekuwa mlangoni.